Sifa za Faili la hosts

Washairi na wawasifu wafalme. Mimi leo nalisifu faili la hosts, lisilo na picha wala kitufe, linaloishi C:\Windows\System32\drivers\etc, mahali ambapo mtu wa kawaida hana shughuli.

Nasaba anayo. Kabla ya DNS, mfumo unaotafsiri majina kuwa anwani za mashine, mtandao wote wa ARPANET ulitegemea HOSTS.TXT, orodha moja ya majina na anwani iliyotunzwa na ofisi ya Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI, Menlo Park, California. Ukiwa na mashine mpya, unawaarifu, wanaiandika, wengine wananakili. Mashine zikawa nyingi, orodha ikalemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta DNS. Mzee akastaafishwa, ila nyumba ya serikali hajaihama: mpaka leo kompyuta kwa kawaida humuuliza yeye kwanza.

Na utii wake! Mwandikie 127.0.0.1 duka.test, na papo hapo kivinjari kinaamini duka hilo limo ndani ya laptopu yako. Ni kama balozi wa nyumba kumi anayegonga muhuri bila kuuliza kitambulisho. Usimletee tu *.duka.test akuandikie ukoo mzima, maana kila jina hulitaka kwa mkono. Namba ya poti nayo haimhusu.

Heshima lazima umpe. Mfungue kwa Notepad bila ruhusa ya msimamizi, andika ukurasa mzima, bonyeza hifadhi: utaambiwa tafuta pengine. Ukikubali, unapata hosts.txt kwenye Documents, na Windows kwa adabu yake inaificha ile .txt, basi unaliona hosts safi kabisa, lisilofanya kazi yoyote.

Ila sifa kuu ni uaminifu. Siku ya kuhamishia tovuti ya mteja seva mpya, unaandika mstari mmoja ili uijaribu kabla ya DNS kubadilishwa. Kazi inaisha, unalipwa, mstari unabaki. Miezi inapita, seva inabadilishwa tena, mteja anapiga simu: tovuti inapeta, oda zinaingia. Kwako imekufa. Unafuta kache, unazima ruta, unaulaani mtandao wa simu, unamwamsha fundi wa seva saa nane usiku umgombeze. Faili limeshika neno lako mwenyewe, na halilivunji hata kwa dawa. Weka alama ya reli (#) mbele ya mstari ule, hifadhi, kisha mwombe fundi radhi.