Kuisifu Torenti

Torenti ni programu ya kugawana faili isiyo na ghala wala mwenye ghala. Faili moja, tuseme filamu ya Kihindi ya saa tatu, hukatwa vipande mamia kwa mamia, na kila kompyuta inayopokea kipande huanza hapo hapo kuwapa wengine. Utaratibu huu ulibuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001, mwaka ule ule huduma ya kugawana nyimbo ya Napster ilipofungwa kwa amri ya mahakama. Napster ilikuwa rahisi kufungwa kwa sababu orodha ya faili zake zote ilikaa kwenye seva zake yenyewe. Torenti haikuacha kitu kimoja cha kufungwa. Ilichoacha ni kompyuta za majumbani, zikiwamo zile za Mji wa Kale wa Mombasa, zikihema kama kwamba zimepandishwa ngazi na gunia.

Kwa kuhema huko torenti imetukanwa kuliko programu yoyote nyingine. Ati ni mwizi wa kasi, ati ndiyo iliyoifanya kompyuta ichukue dakika nzima kufungua barua. Maneno hayo ni ya watu wasio na shukrani. Torenti ina tabia njema tupu, na kila kinachoitwa kasoro yake ni adabu iliyopita kiasi.

Si kwamba Mombasa ilingoja torenti ili ijue kugawana. Enzi za kanda, taarabu za waimbaji Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilisambaa mtaa kwa mtaa kwa kunakiliwa, na duka kama Mbwana Radio Service la hapo Mji wa Kale lilijulikana kwa kanda zake. Baadaye zikaja saiba za intaneti, CD za kuchomwa, kisha flashi zilizofungwa kwenye pete ya ufunguo. Njia zote hizo zilihitaji miguu. Mtu alishuka mtaa wa Ndia Kuu jua la saa nane, akapanga foleni, akarudi na nyimbo kumi na mbili. Mwaka 2009 waya wa mtandao wa chini ya bahari uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah mwezi wa Juni, waya mwingine wa SEACOM ukawaka Julai, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea satelaiti, ambayo ni polepole na ya bei kali. Tangu hapo miguu imepumzika na mzigo umehamia kwenye kompyuta.

Sifa ya kwanza ya torenti ni ukarimu, na ukarimu wenyewe una kanuni. Programu huwatazama wanaoipa vipande kwa wingi na kuwarudishia wao kwanza, nipe nikupe. Hesabu hiyo hupitiwa upya kila sekunde 10. Lakini kila sekunde 30 humchagua mmoja asiyejulikana, pengine yuko Brazili, pengine Poland, na kumpa bila kudai kitu. Ni kama sahani za futari zinazovuka kichochoro mwezi wa Ramadhani, ila hapa sahani hutoka usiku kucha mwaka mzima, na mwenye nyumba hana habari kwamba anapika.

Madhara ya ukarimu huu huonekana mahali pasipotarajiwa. Kila kompyuta inayopokea data hutuma risiti ndogo ndogo kwamba data imefika, na risiti hizo hupita njia ile ile ya kupakia. Njia hiyo ikijazwa vipande vya filamu, risiti hukwama kwenye foleni ndani ya ruta, anayetuma hungoja, na hata kurasa nyepesi hugoma kufunguka ingawa kasi ya kupakua ilikuwa tele. Kwenye nyumba ya mtaa wa Kibokoni yenye jamaa Maskati, dalili huja kwa simu ya video: uso wa shangazi unaganda mdomo wazi, sauti yake inafika vipande vipande, kisha yeye ndiye anayeulizwa mtandao wake una nini. Mtandao wake hauna neno. Chumba cha pili, chini ya dirisha lililofungwa, torenti inamhudumia mgeni wa Poland.

Mabahili hulimaliza jambo hili kwa kuweka kikomo cha kupakia. Hufungua mipangilio ya programu, wakatafuta sehemu ya kasi, na kuiruhusu kutumia asilimia 80 tu ya uwezo wa laini. Hapo wengi huteleza kwenye hesabu, kwa kuwa kampuni za mtandao huuza megabiti na programu huhesabu kilobaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini inayopakia megabiti 4 kwa sekunde ina kilobaiti 500. Asilimia 80 yake ni 400. Wengine, kwa ubahili uliopitiliza, huandika 0 wakidhani wamekomesha kupakia kabisa. Katika programu nyingi za aina hii 0 maana yake ni bila kikomo. Kwa anayetumia bando la simu jambo ni zito zaidi, maana kinachopakiwa hukatwa kwenye bando sawa na kinachopakuliwa.

Sifa ya pili ni kupenda watu. Ili kuleta filamu moja tu, torenti hufungua mawasiliano na makumi au mamia ya kompyuta kwa pamoja, na ruta ndogo ya nyumbani hulazimika kukumbuka kila moja. Ruta nyingi za bei nafuu hazikuumbiwa hadhara kubwa kiasi hicho. Kumbukumbu zake hujaa, ruta zikaanza kusahau hata simu za wenye nyumba, mpaka mtu azichomoe na kuzichomeka tena. Wasiopenda watu hupunguza idadi ya miunganisho hadi 100 au chini ya hapo, na filamu huchelewa kidogo tu.

Diski ndiyo inayoonja bidii kamili ya torenti. Vipande havifiki kwa mpangilio. Torenti kwa makusudi hutafuta kwanza vile vilivyo adimu, ili visipotee duniani. Kwa hiyo kipande cha mwisho wa filamu hufuatwa na cha katikati, kisha cha mwanzo. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, sindano ya kusomea hulazimika kuruka huku na huko kila mara, na mrukaji hana nafasi ya kumhudumia mwingine. Anayetaka kuushuhudia utumishi huu kwenye Windows abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la orodha ya kazi hufunguka, na safu ya diski husomeka asilimia 100 huku ile ya prosesa ikiwa chini kabisa. Pembeni mwa kompyuta taa ndogo haipepesi tena, imewaka moja kwa moja. Anayebofya kufungua hati ya maneno husikia mkwaruzo mwembamba kutoka ndani, kisha kimya, kisha mkwaruzo. Hati itafunguka, inshallah.

Dawa hapa ni kupakua faili moja kwa wakati mmoja badala ya saba, kuiambia programu itenge nafasi yote ya faili tangu mwanzo ili isitawanyike, na kuacha nafasi ya kutosha kwenye diski, maana diski iliyojaa pomoni huwa nzito hata bila torenti. Mwenye uwezo hubadilisha diski akatia ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka, na malalamiko mengi huishia hapo. Wale wanaopeleka filamu moja kwa moja kwenye flashi hukutana na jambo jingine: flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4, na hilo si kosa la torenti hata kidogo.

Uaminifu wake nao si wa kubezwa. Ukibofya alama ya X kwenye kona, dirisha hufungwa lakini programu haiondoki. Hujikunja karibu na saa, kwenye aikoni ndogo, ikaendelea kugawa. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa asubuhi, nayo huamka kabla ya mwenyewe kunywa chai. Anayetaka kuivunja tabia hii bora hubofya aikoni ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kutoka, kisha hurudi kwenye dirisha la orodha ya kazi, sehemu ya programu za kuanza, na kuizima huko. Kabla ya hatua hizi mbili hakuna jaribio la kasi linaloaminika, kwa sababu anayesema ameifunga torenti na bado kompyuta ni nzito, mara nyingi hakuifunga.

Kisha kuna marafiki zake. Programu ya µTorrent, iliyotolewa mwaka 2005 na Msweden Ludvig Strigeus, ilisifiwa kwa wembamba wake: haikufika hata megabaiti moja. Umaarufu ukaja, ikauzwa, ikanenepa matangazo. Machi 2015 watumiaji walilalamika kwamba baada ya kuisasisha walikuta kompyuta zao zikifanya kazi ya Epic Scale, programu ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyoingia pamoja nayo. Feni zilivuma, prosesa ikachemka, na faida haikuwa ya mwenye kompyuta. Mombasa, ambako joto na unyevu huifikia kompyuta hata ikiwa haifanyi kitu, hisani ya namna hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa prosesa ikizidi moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wenye hofu husoma kila ukurasa wa usakinishaji kabla ya kubofya kukubali, au huchukua qBittorrent, ambayo ni huria na haina matangazo.

Marafiki wengine huja ndani ya faili zenyewe. Filamu yenye jina linaloishia kwa .exe si filamu. Windows huficha tamati za majina mpaka iambiwe izioneshe, na kuiamuru izioneshe ni kazi ya nusu dakika inayookoa wiki nzima. Antivairasi nayo isizimwe kwa hoja kwamba inachelewesha. Ni kweli hukagua kila kinachoandikwa, lakini huo ndio mshahara wake.

Stima ikikatika katikati ya kazi, torenti huonesha uchaji wake. Mara nyingi ikiwashwa tena haiamini hata ilichokiandika yenyewe: husoma faili yote upya na kulinganisha kila kipande na alama yake ya utambulisho, ikatupa kilichoharibika. Filamu iliyofika asilimia 91 huweza kurudi nyuma, na wakati wa ukaguzi kompyuta haishikiki. Haifai kuikatiza, maana itaanza tena.

Haki nayo itendeke, maana torenti husingiziwa mengi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na mawimbi ya ruta iliyowekwa ukumbini huchoka kabla ya kufika ghorofa ya pili. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini Mombasa iliangusha nanga ikaukata waya wa TEAMS, na mtandao ukazorota nchi nzima. Siku zile hakuna kikomo cha kupakia ambacho kingesaidia. Windows yenyewe, tangu toleo la 10 la mwaka 2015, ina desturi ya kugawana masasisho na kompyuta nyingine kwa njia inayofanana na ya torenti, na hakuna anayeitukana. Jaribio la kutenganisha ukweli na uzushi ni jepesi: torenti itolewe kabisa, kompyuta iwashwe upya, kasi ipimwe karibu na ruta. Uzito ukibaki, mkosaji ni mwingine.

Sheria haina ugomvi na programu hii, ina ugomvi na baadhi ya yanayopitishwa. Matoleo ya Linux hugawanywa kwa torenti kwa idhini ya wenyewe. Filamu mpya na nyimbo za watu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, na hapa ule ukarimu wa usiku kucha ni jambo baya zaidi kwa mwenye kompyuta, kwa sababu hapakui tu, anasambaza.

Asiyeweza tena kuvumilia wema mwingi kiasi hiki huiondoa kupitia orodha ya programu kwenye mipangilio ya Windows, baada ya kuitoa kwanza kwenye aikoni iliyo karibu na saa. Akiulizwa kama afute na mipangilio yake, akubali. Filamu alizokwisha kupakua hubaki kwenye folda yake kama zilivyokuwa.