Mshale Hauogopi Mto: Jinsi ya Kuchagua GPS ya Pikipiki Kakonko

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji swali moja: njia ya kutoka Kakonko mjini kwenda Nyabibuye imo humu ndani? Atawasha kifaa, atabonyeza huku na huku, na ramani iliyotoka nacho kiwandani itaonyesha barabara kuu inayoanzia Nyakanazi, ikapita Kakonko, Kibondo na Kasulu hadi Kigoma. Baada ya hapo ni weupe mtupu. Kwa hesabu za kiwanda, kushoto na kulia kwa barabara hiyo haishi mtu. Wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, yenye zahanati, shule na minada, imeachwa nyeupe kama shuka.

Muuzaji hana kosa. Lakini barabara kuu haihitaji setilaiti. Hata abiria aliyesinzia kwenye basi anafika Kibondo. GPS unainunulia ule weupe. Ndimo anamopita mhudumu wa afya na boksi la chanjo, ndimo bodaboda anamompitisha mama mwenye uchungu saa nane usiku, na ndimo mfuga nyuki anamotoka na madumu ya asali kutoka mizinga iliyotundikwa mbali kwenye miombo. Wenzetu wa nchi nyingine hupanda pikipiki porini Jumapili kwa starehe. Huku tunapanda kila siku, kwa Boxer na SanLG zilizotengenezwa kwa ajili ya lami, tukiwa na mzigo nyuma.

Kwa hiyo kama una haraka, chukua neno hili moja uende nalo dukani: usinunue GPS kwa sababu ya ramani iliyomo, inunue kwa uwezo wake wa kutunza njia uliyopita wewe. Kifaa kinachokufaa kinarekodi safari ya siku nzima bila kukatika, kinakubali kuwekewa alama papo hapo bila kukuzungusha, na kinaweza kukurudisha kwa njia ileile uliyoijia hata kama giza limeingia. Kikishindwa hayo matatu, kirudishe kwenye boksi lake, hata kiwe kinang'aa namna gani.

Utaonyeshwa mambo mengine mengi. Kuna vifaa vinavyopima mapigo ya moyo. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu mwezi Machi, mapigo yako utayasikia bila msaada. Kuna vinavyohesabu hatua, na wewe umepanda pikipiki. Kuna vyenye viwanja vya gofu vya dunia nzima. Kila kimoja cha hivyo unakilipia.

Usilipie sana usahihi pia. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa inaharibu makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kifaa kingeweza kukosea kwa mita mia moja hivi. Rais Clinton akaamuru uchafuzi huo uzimwe, na tangu hapo hata kifaa cha bei nafuu, kikiwa uwanjani, hukosea kwa mita chache tu. Ukiwa chini ya miombo iliyolowa, au ndani ya bonde jembamba, kosa linaongezeka kidogo. Kijia chenyewe kina upana wa tairi, kwa hiyo mita chache za mwisho ni kazi ya macho yako.

Lipia vitufe. Skrini ya kugusa ni nzuri dukani, lakini matone ya mvua nayo huigusa, na kidole chenye matope hakisomeki. Hapa mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, yaani zaidi ya nusu ya mwaka. Tafuta kitufe unachoweza kukibonyeza ukiwa umevaa glavu, na alama ya IPX7, ambayo maana yake kifaa kimejaribiwa kuzama mita moja kwa nusu saa. Hata kikidondoka kwenye dimbwi utakiokota kikiwa hai.

Lipia betri zinazopatikana kijijini. Kifaa kama eTrex 22x ya Garmin hutumia betri mbili za AA na kiwanda kinaahidi hadi saa 25. Toleo la eTrex SE la mwaka 2023 linaahidi saa 168 kwa betri mbili zilezile. Ahadi hizo ni za betri nzuri. Zile za bei rahisi zinazouzwa pamoja na kiberiti na sabuni zitaisha mapema, basi beba pea ya ziada ndani ya mfuko wa nailoni. Ukitumia za kuchaji, ingia kwenye mipangilio ukiambie kifaa aina ya betri, la sivyo kitakudanganya kuhusu chaji iliyobaki. Kifaa chenye betri ya ndani isiyotoka kinafaa kwa mwenye pikipiki iliyofungwa chaja nzima, inayofanya kazi kweli.

Na simu je? Simu ya kisasa ina GPS ndani yake, na GPS haihitaji bando wala laini. Pakua ramani kabla ya safari kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps na utaona vijia vingi kuliko vya kiwanda. Asiye na fedha ya kifaa kingine aanze hapo bila aibu. Ila asiifunge kwenye usukani. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone, na hao walikuwa wakifikiria barabara za kwao. Iweke kwenye mfuko wa kifuani. Kifaa cha mkononi ndicho cha kufunga kwenye usukani, na ukanda wa mpira wa tyubu ukivutwa vizuri unakishika vya kutosha. Ongeza kamba ya pili, kwa sababu siku ya kwanza kitajaribu kuruka.

Sasa tuuseme mshale. Utachagua mahali, na mshale utakuelekeza moja kwa moja: kilomita nne, kaskazini-mashariki. Mshale hauogopi mto. Hauijui mbuga ya udongo mweusi inayomeza tairi hadi kwenye ekseli, wala daraja la miti lililosombwa juzi. Mito inayotoka nyanda hizi huishia kwenye mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kilomita nne za mshale zinaweza kuwa thelathini za pikipiki. Tena kwenye vifaa visivyo na dira ya sumaku, kama hiyo 22x, mshale unababaika ukisimama kwenye njia panda. Tembea hatua kumi ndipo utulie. Ndugu yake, 32x, ana dira ya sumaku, na hiyo ni nyongeza ninayoona inafaa kulipiwa.

Anayejua mto ni mwenyeji. Novemba 1871, Henry Morton Stanley akipita Uha kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone alichoka kutozwa hongo na watawala wa njiani. Dira alikuwa nayo. Kilichomtoa ni mtu anayeijua nchi, aliyelipwa kuwapitisha usiku kwa vijia vya porini. Wewe huna haja ya kumkwepa mtu, basi zima injini, vua kofia, amkia: "Shikamoo, mzee. Kuna pikipiki imevuka hapa leo?" Usiulize kama ni mbali, kwa sababu utaambiwa ni hapo tu. Uliza nani kavuka, lini, na maji yalimfika wapi.

Sehemu inayopoteza watu wengi kuliko mto ni namba, na hapa naomba usisome harakaharaka. Kakonko ipo karibu nyuzi 3.3 kusini na nyuzi 31 mashariki. Ukiingiza kaskazini badala ya kusini, kifaa kitakupeleka kwa utiifu kabisa hadi West Nile ya Uganda, jirani na Koboko, zaidi ya kilomita 700 kutoka unakotakiwa. Kama boksi ni la chanjo, barafu haitasubiri.

Wanaotumia namba za mita, zile za UTM, wana mtego wao. Mstari wa nyuzi 30 mashariki unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu, nao ndio mpaka wa kanda ya 35 na ya 36. Ukitoka Kigoma kwenda Kasulu, namba ya mashariki inapanda taratibu hadi kuzidi 830,000, kisha ghafla inaanza upya chini ya 170,000. Kifaa hakijaharibika. Mtu akikutumia namba bila kutaja kanda, mrudishie aitaje. Kakonko na Kibondo zote ni 36.

Kisha zipo ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000. Ni ramani nzuri mno, zina vilima na vijito kwa majina, lakini zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, huku GPS ikija kutoka kiwandani na WGS 84. Ukichanganya hiyo miwili, kila kitu kinahama kwa takriban mita 300. Dar es Salaam mita 300 ni kituo kimoja cha daladala. Hapa ni ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo dukani, fungua mipangilio uhakikishe Arc 1960 imo kwenye orodha, na kama muuzaji hajui unachotafuta, tafuta mwenyewe mbele yake.

Ukishakuwa na kifaa, kitumikie na wengine. OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004, inapokea njia zilizorekodiwa na mtu yeyote, na Crowd2Map Tanzania imekuwa ikijaza vijiji vya nchi hii humo tangu 2015. Usipeleke kila kitu: mizinga ya mtu ni siri yake, na njia ya kwenda huko ni siri vilevile. Vivuko, zahanati, visima, shule, daraja zima na daraja bovu, hivyo ni vya wote. Kwenye jina la kila kivuko andika na mwezi ulipovuka, "Julai, pakavu" au "Februari, magotini", maana kivuko cha Julai na cha Februari si kimoja, na mhudumu atakayefuata njia yako na boksi la chanjo hakufahamu na hawezi kukupigia simu kuuliza.