Utalii wa bure Muleba

Wahurumieni watalii. Wanalipa maelfu ya dola, wanavuka bahari, wapande Kilimanjaro mita 5,895 mara moja tu maishani! Mama wa Muleba hupanda magenge kutoka Ziwa Victoria hadi Kamachumu kila siku ya gulio, bila kiingilio. Tena yeye ni mtalii na mpagazi kwa pamoja: mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, mtoto mgongoni, kandambili mkononi zisikatike. Mjamzito naye huenda kujifungua akitazama mandhari ya ziwa, amelala kwenye machela. Bukoba mjini, penye lami, raha hizi hawazijui. Waheshimiwa, barabara msituletee, mtatuharibia utalii.