Sevisi Kamili

Gereji moja ya jua kali, Nairobi, Jumamosi asubuhi. Forester ya mwaka 2005, otomatiki, imeegeshwa juu ya shimo. Rimu mpya, ekzosi mpya yenye mdomo mpana kama sufuria ya ugali. Mwenyewe ameenda kunywa chai. Kijana anayejifunza ufundi ametumwa ashuke shimoni na spana.

DIFU YA NYUMA: Ndugu Mbele, umeamkaje? Nasikia leo ni sevisi kamili.

DIFU YA MBELE: Kamili kwa nani, mzee? Tangu tushuke melini Mombasa nimeisikia hiyo "kamili" mara kumi na nne. Injini amenyweshwa mara kumi na nne. Mimi oili niliyo nayo ndiyo niliyokuja nayo.

NYUMA: Na mimi vilevile. Ilikuwa na rangi ya asali, sasa ni masizi matupu. Tena si kwamba mimi mlafi. Mililita 800! Chupa ya lita moja inanishibisha na makombo yanabaki.

INJINI: Jamani, wivu huo. Ninayesikika barabarani ni mimi.

NYUMA: Nguruma tu, bosi. Matope yakishika, hapo utatukumbuka.

MBELE: Mkosi wangu ni makazi. Nimepanga chumba kwa Giaboksi, basi watu wanadhani tunakula chungu kimoja.

GIABOKSI: Mimi nakunywa nyekundu, nyepesi. Ile yako nzito inayonuka sitaki hata kuionja.

MBELE: Unaona? Kijiti changu mwenyewe cha kupimia ninacho. Hakuna anayekivuta.

NYUMA: Kunuka ndiko kunakotuweka hai. Ile ni salfa. Meno yetu hayaumani tu, yanatelezana huku yamebanwa na uzito wote wa kazi. Oili isiyo na dawa hiyo ikibanwa hivyo hukimbia, chuma kikabaki kinalamba chuma.

MBELE: Hebu nyamazeni. Kuna spana kwenye nati yangu.

NYUMA: Alhamdulillahi! Miaka yote hii!

MBELE: Imeanza kutoka... Kijana anaziba pua. Anapiga kelele: "Fundi, oili ya injini imeoza, inanuka mayai viza!"

NYUMA: Oili ya nani?

MBELE: Ya injini. Amekosea nati, mzee. Imetoka yote. Sasa anaifunga. Anafuta mikono.

INJINI: Ala! Mbona mimi ndiye ninayemiminiwa? Nimejaa! Lita moja... mbili... Jamani, tatu... Hii ya nne inaniingia wapi?

NYUMA: Kula, bosi. Wewe ndiye unayesikika.

KIJITI CHA INJINI: Fundi mkubwa akinivuta tu, ataona.

NYUMA: Akuvute kwa nini? Kibandiko kimeshabandikwa kiooni: sevisi ijayo, baada ya kilomita 5,000.

MBELE: Mwenyewe amerudi. Anakanyaga mafuta, anasikiliza ekzosi. Anatabasamu. Anawaambia watoto wapande, wanakwenda Naivasha.

INJINI: Nahisi... kucheua... moshi...

NYUMA: Na wewe ndugu yangu, umebakiwa na nini tumboni?

MBELE: Matone.

NYUMA: Naivasha ni kilomita 90 hivi. Utaanza kulia kabla ya Limuru.