Bado, Bado Kidogo

Yakhe, sogea hapo benchini nikae, maana kwangu hakukaliki. Kuna ndoo. Ya plastiki, ya lita 20, imekaa uani imefunikwa kanga kuukuu ya mke wangu. Tokea imeingia, mie sina heshima Chokocho nzima.

Kisa achari. Mama mkwe, huko ng'ambo Kisiwa Panza, hataki achari ya maembe kwa siki ya dukani. Eti ile ni maji yaliyotiwa asidi. Anataka siki ya tembo la mnazi, ya kizamani. Mie huyo nikadakia: shida iko wapi, minazi si hii, wagema si hawa? Mdomo huu, mdomo huu!

Nikenda kwa mgema. Anapanda asubuhi, anapanda jioni, anakata ncha ya karara, maji yake yanadondoka chupani. Nikamwambia nataka tembo tamu, lisiloanza kuchacha. Alicheka mpaka akaushika mnazi. Tembo tamu, bwana, ni la dakika. Hamira imo hewani, imo chupani, imo mikononi mwake. Sukari kama asilimia 15 na joto letu hili, linaanza kuchacha bado liko juu mtini. Likilala usiku mmoja linafika asilimia 4 au 5 ya kilevi, sawasawa na bia ya chupa. Yaani nimebeba dumu la sharubati asubuhi, jioni nina baa.

Na siki haina njia ya mkato. Sukari lazima kwanza iwe kilevi, ndipo waje vijidudu wengine, wanaotaka hewa, wakigeuze kile kilevi kuwa ukali. Mfaransa Louis Pasteur aliyaeleza haya mwaka 1864. Angekuja kumweleza mke wangu! Maana hapo katikati kuna wiki, na wiki zote hizo mie naishi nyumba moja na pombe. Mie, ambaye hata dawa ya kifua nauliza kwanza imetiwa nini.

Nikenda kwa maalim kabla sijapelekwa. Kanisikiliza, kakuna ndevu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kasema, ikigeuka siki yenyewe imetahirika, ni halali. Ukitia kitu ili igeuke, umeharibu. Siki ya zamani usitie, mkate usitie. Kuitoa kivulini ukaiweka juani, hapo hapana neno.

Basi ndiyo kazi yangu. Asubuhi naikumbatia naipeleka juani. Mchana naikumbatia naitia kivulini. Inanuka. Inatoa povu. Inasema pss, pss. Majirani wako dirishani. Natoa salamu dukani, najibiwa kwa kikohozi. Msikitini safu imejaa, ila ubavuni mwangu pana nafasi ya mtu na mwanawe.

Usiku nikala bando langu lote kuwatazama Wamarekani wanaojipikia bia majumbani. Wale nao wametaabika. Pombe ilipigwa marufuku 1920, ikafunguliwa 1933, lakini bia ya kujipikia nyumbani ikasahauliwa nje ya ruhusa mpaka Rais Jimmy Carter aliposaini sheria Oktoba 1978. Sasa nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa galoni 200 kwa mwaka. Galoni 200! Mie ndoo moja tu nimehamwa. Wana vipimajoto, wana vipima sukari, wana vizibo vyenye kijibomba cha maji, gesi inatoka, hewa haiingii. Kwa nini? Kwa sababu hewa ikiingia, bia inakuwa siki! Nikaona jitu zima, ndevu mpaka kifuani, linalia mbele ya kamera, pipa limemchachia, analimwaga. Usimwage we! Hicho ndicho mama mkwe anachokitaka! Anatumia pesa zote zile kuzuia kitu ninachokiomba mie kwa kanga iliyotoboka.

Sasa balaa lenyewe. Utajuaje kuwa imeshakuwa siki? Uionje. Na kama bado? Umekunywa pombe. Usipoonja, hujui. Nikajaribu kuinusa, nikainusa, nikainusa, mpaka nikashika ukuta. Mke wangu kapita. "Mume wangu, wewe unalewa kwa pua."

Ndipo akatokea fundi wa pikipiki, Mchaga wa Moshi. Huyu kakulia kwenye mbege, anaijua kama mie ninavyoujua mpunga: ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichache, unatiwa uji wa ulezi uliooteshwa ukasagwa, na magome ya msesewe ya kuleta uchungu. Kasema, "Mzee, mimi dini yangu hainikatazi. Nitakuonjea." Nikakaribia kumbusu. Kateka kikombe. Kafumba macho. Kamumunya. "Bado."

Kesho yake kaja bila kuitwa. "Bado kidogo." Kesho kutwa, bado. Ijumaa, bado. Mie nasogeza ndoo juani, yeye anateka. Ndoo inazidi kuwa nyepesi, nikajua ni jua. Mke wangu kafunua kanga, kachungulia ndani, kaniangalia, hakusema neno. Afadhali angesema. Mama mkwe katuma salamu kwa mtu wa boti: maembe yanaoza.

Jana jioni fundi kaja na mwenzake. Eti jambo kubwa kama hili halitaki mtu mmoja, linahitaji maoni ya pili.