Kushoto kwa Nani?

Nimeuawa mara nyingi kwenye gemu za risasi, na vifo vichache sana kati ya hivyo vimesababishwa na adui. Vilivyobaki vimetokana na swali ambalo mtengenezaji wa gemu alilijibu peke yake: mchezaji akibonyeza kushoto, askari aende kushoto kwa nani? Nazungumzia gemu zile zinazotazamwa kutoka juu, ambamo unaona utosi wa askari na mtutu wa bunduki, basi. Akielekea juu ya skrini, kushoto kwake na kwako ni pamoja. Akigeuka kukutazama, mmeshakosana. Aliyewahi kumsikia utingo akielekeza lori linalorudi nyuma, "Kata kushoto! Kushoto kwangu!", anajua kwamba hapo kuna ukuta utakaolipiwa.

Watengenezaji wa zamani wengi walichagua kushoto kwa askari. Asteroids ya Atari, mwaka 1979, ilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha chombo na kimoja cha kukisukuma mbele. Grand Theft Auto ya kwanza, 1997, ikafuata njia hiyo: mshale wa juu unakupeleka unakoelekea, wa kushoto na wa kulia inakuzungusha. Kwa gari hakuna ubishi, maana gari haliendi kiubavu. Ukishashuka kwenye gari ndipo balaa linapoanza. Polisi anakuja, mimi nazunguka papo hapo katikati ya barabara nikitafuta pa kukimbilia, naye ananikamata bila hata kuharakisha.

Waliochagua kushoto kwa skrini walituonea huruma. Mwaka 1982 Eugene Jarvis na Larry DeMar walitoa Robotron: 2084, mashine yenye vijiti viwili na isiyo na kitufe cha kufyatulia. Kijiti kimoja kinakutembeza, kingine kinatoa risasi upande unaokisukumia. Maana yake unaweza kukimbia mbele huku ukipiga nyuma. Huo ndio mpango wangu wa vita siku zote, na nilifurahi kuona kuna wataalamu walioutengenezea mashine.

Kwenye kompyuta mambo ni W, A, S na D kwa mkono wa kushoto, kipanya cha kulengea kwa mkono wa kulia, kama ilivyo kwenye Hotline Miami ya 2012. Mtindo ni mzuri, kibodi ndiyo mbaya. Kibodi nyingi za bei nafuu zina ugonjwa: ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kuna michanganyiko ambamo cha tatu kinamezwa. Yangu humeza kitufe cha kujazia risasi kila ninapokimbia mshazari. Nikaipeleka kwa fundi. Akaijaribu kwa kuandika jina lake lote, herufi moja moja, akanirudishia. "Nzima hii, bosi." Kibaya zaidi, kuna gemu ambazo mtengenezaji wake alisahau hesabu ya Pythagoras, na humo anayekimbia mshazari huenda kwa kasi zaidi ya anayenyoosha, kwa asilimia 41 hivi. Kwa hiyo nawahi kufika kwa adui, bunduki tupu mkononi.

Kwenye simu ndiko mpwa wangu anakonidharau. Brawl Stars ilipokuwa kwenye majaribio mwaka 2017 ilichezwa simu ikiwa wima, na ulitembea kwa kugusa pale unapotaka kwenda. Ilipotolewa dunia nzima mwishoni mwa 2018, simu ilikuwa imelazwa na vijiti viwili vimechorwa kwenye kioo. Tatizo la kijiti cha kuchora ni kwamba hukishiki. Kidole gumba chenye mafuta ya sambusa kinateleza taratibu, kinatoka kwenye duara, na wewe bado unasukuma kwa imani.

"Anko, jamaa yako amesimama."

"Hajasimama, anapanga mashambulizi."

"Anapanga na huku wanampiga?"

Nimeshaamua, na mpwa akate rufaa akitaka. Gari liende kwa kushoto kwake lenyewe. Mtu wa miguu aende kwa kushoto kwa skrini, na kulenga kuwe na mkono wake. Kwenye simu, kijiti kifuate kidole popote kinapotelezea, kwa sababu sambusa hatutaziacha.

Nawe ukinunua gemu, kabla ya kusifia michoro na milio ya bunduki, fungua setingi utazame kama kuna nafasi ya kuchagua mtindo wa kutembea. Usipoiona, dai hela yako. Duka la mtandaoni la Steam hurudisha pesa kwa anayeomba ndani ya siku 14 tangu anunue, mradi hajacheza zaidi ya saa mbili, na saa mbili zinatosha kabisa kufa hadi ukinai.