Sura ya Klabu

Wamarekani na besiboli yao hukesha wakibishana nani hasa sura ya Yankees, nani ya Red Sox. Kazi nyepesi hiyo. Waje Mbeya.

Mbeya City ilipanda Ligi Kuu 2013 na msimu huohuo wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu. Sura yake? Vijiwe vingi vya Mwanjelwa vitakutajia Deus Kaseke. Naam, na 2015 Kaseke akaenda Yanga. Hapo ndipo alipofuzu kabisa, maana mchezaji halisi wa Mbeya City ni yule unayemshangilia akiwa na jezi ya watu wengine, Dar es Salaam.

Tanzania Prisons hawana mashaka hayo. Timu ya Magereza. Kumteua mtu mmoja ni kuvunja utaratibu. Sura yao ni sare, mwilini na kwenye matokeo.

Iringa wana Lipuli, waliofika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 kule Lindi, wakafungwa na Azam 1-0, na mwaka uliofuata wakashuka daraja. Ukimuuliza Mhehe shujaa wake nani, atakutajia Mkwawa, ambaye hata Wajerumani walishindwa kumsajili akiwa hai.

Mtihani ni Ihefu ya Ubaruku, Mbarali. Huko hakuhama mchezaji, ilihama klabu nzima: ikaenda Singida, na 2024 ikajiita Singida Black Stars. Ubaruku wamebaki na uwanja wao wa Highland Estates, ambao mpaka sasa hakuna aliyeutumia nauli.